Namna ya Kuchora Sarakasi Ukiwa Siongiroi

Mchoraji anayetaka kuitwa wa kisasa sharti apitie sarakasi. Degas alipitia. Seurat alipitia. Toulouse-Lautrec alizoeleka humo hadi farasi wakamjua, na Picasso, alipokuwa kijana mwenye njaa kule Montmartre, hakubanduka kwenye viti vya Cirque Medrano. Wewe uko Siongiroi, Chepalungu, kaunti ya Bomet. Hema huna. Bembea za angani huna, wala simba wa kuruka ndani ya pete ya moto. Ulicho nacho ni soko, mahindi, kituo cha kupozea maziwa, matope ya masika, na ng'ombe wengi kuliko watazamaji. Hata bonasi ya chai hupita juu juu ikielekea kwa jamaa wa Konoin na Bureti. Usivunjike moyo. Soma taratibu, penseli ikiwa mkononi.

Usijisumbue kwenda kuiona

Henri Rousseau alikuwa karani wa ushuru mjini Paris. Alichora misitu ya nchi za joto, imejaa nyani, nyoka na chui milia, na hakuwahi kutia mguu nje ya Ufaransa. Majani yake aliyatazama katika bustani ya Jardin des Plantes, wanyama akawatazama huko huko wakiwa kizimbani, kisha akarudi nyumbani akachanganya. Chui milia wake wa mwaka 1891, aliyejikunyata kwenye dhoruba, leo anaishi National Gallery ya London, na sijasikia mlinzi akimwuliza mchoraji aliona wapi msitu huo. Sasa, kama Mfaransa aliruhusiwa kuchora pori bila nauli, nani atakuzuia wewe kuchora sarakasi bila tikiti?

Ukihitaji ushahidi zaidi, mkumbuke Toulouse-Lautrec. Mwaka 1899 jamaa zake walimfungia katika kliniki ya wagonjwa wa akili huko Neuilly, kwa sababu pombe ilikuwa imemzidi nguvu. Ili kuwathibitishia madaktari kwamba akili bado iko mahali pake, akaketi akachora sarakasi kwa kumbukumbu tupu: wapanda farasi, machale, dubu, tembo akifundishwa kazi. Michoro ilikaribia arobaini. Wakamwachilia. Funzo la kiufundi ni kwamba kumbukumbu inatosha. Hata hivyo, usijaribu mbinu hii kwenye zahanati ya kwetu. Ukimchorea daktari tembo mwenye adabu, utaongezewa siku.

Walio na nauli ya kuchezea wanaweza kwenda Nairobi, hadi Ngara, kwenye jengo lililokuwa sinema ya Shan na sasa linaitwa Sarakasi Dome. Humo vijana wa mitaani hufunzwa kupandiana mabegani, kurusha na kurushwa, na wengi wao wameishia kwenye majukwaa ya Ulaya au kwenye hoteli za pwani, wakipanga viti kimoja juu ya kingine mbele ya watalii waliokwisha kula. Ni kazi nzuri kuitazama. Hasara yake kwa mchoraji ni kwamba ukishaiona hutaweza tena kuidanganya, na udanganyifu ndio ulioibeba nusu ya makumbusho ya Paris.

Mtafute mwanasarakasi wako

Hapa Siongiroi kazi hii ni rahisi kuliko Montmartre. Simama asubuhi kwenye mteremko unaoelekea kituo cha maziwa, baada ya mvua ya usiku. Atakuja mwendesha bodaboda na mitungi minne ya maziwa, gunia la chakula cha ng'ombe, kuku mmoja aliyening'inizwa miguu, na mama aliyekaa upande mmoja huku ameshika mwavuli. Pikipiki itateleza kushoto. Mama ataegemea kulia bila kukatiza simu yake. Maziwa hayatamwagika. Watazamaji wa sarakasi ya Cirque Fernando kule Montmartre walilipa kiingilio kuona vitu vidogo kuliko hivyo.

Ukishampata, fuata mkao wa Degas. Januari 1879 Degas alikwenda usiku kwa usiku pale Cirque Fernando kumtazama msichana aliyejulikana jukwaani kama Miss La La, ambaye alipandishwa hadi darini kwa kamba, kamba yenyewe akiwa ameing'ata kwa meno. Degas alikaa chini akatazama juu, na ndivyo alivyomchora: mwili umening'inia, mikono imetanuka, uso umeelekezwa darini kiasi kwamba hutambui sura. Dari lilimhangaisha sana. Baadhi ya michoro yake ya matayarisho haina mtu hata mmoja, ni nguzo na matao tu. Wewe huna dari, kwa hiyo umeshaokoa wiki nzima. Ingia kwenye mtaro wa barabara, lala chali, ngoja pikipiki ipite. Vaa nguo ambazo mamako hazipendi.

Neno kidogo kuhusu Miss La La, kwa sababu mwongozo mzuri hutaja vyombo vyote vinavyotumika. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Anna Olga Albertina Brown. Alizaliwa mwaka 1858 Stettin, mji uliokuwa wa Prussia, baba yake akiwa mtu mweusi na mama yake mzungu. Alikuwa nyota, mwenye taya ambalo magazeti ya siku zile yaliliandika kwa mshangao. Picha iko London hadi leo. Muulize mtu yeyote anayejua sanaa ni nani aliyeichora, atakujibu kabla hujamaliza swali. Kisha muulize jina la mwenye meno.

Vivyo hivyo kwa Rafael Padilla, mzaliwa wa Cuba, chale mweusi aliyechekesha Paris nzima kwa jina la jukwaani Chocolat. Mwaka 1896 Lautrec alimchora akicheza dansi katika baa, na mchoro ule ni mzuri hasa, una wepesi wa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Padilla alifariki Bordeaux mwaka 1917 akiwa fukara. Karatasi inatunzwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo hatua muhimu: usimwulize mwendesha bodaboda wako jina. Ukilijua utashawishika kuliandika.

Mtie huzuni

Mwanasarakasi wa sanaa ya kisasa hachekelei. Hii ni kanuni, na aliyeikaza ni Picasso. Mwaka 1905 alichora familia ya wanasarakasi wa kuhamahama kwenye turubai yenye urefu wa zaidi ya mita 2 kila upande. Watu wako sita. Hawarushi kitu, hawapandi kamba, hawana mtazamaji, na hata wao kwa wao hawatazamani. Wamesimama tu kwenye uwanda mtupu, na mwanamke mmoja ameketi pembeni kama aliyeachwa na matatu. Unaitazama na kujisikia kwamba umekosea mahali, ingawa hujui ni wapi. Lazima niseme kwamba ni picha kubwa kwa kila maana, na sijui mtu mwingine aliyewahi kuchora uchovu wa wasanii namna ile.

Shida ni kuihamishia Siongiroi. Utamsimamisha kijana wako kando ya pikipiki, umwambie asicheke, atazame mbali kuelekea milima ya Trans Mara.

"Kwani nani amekufa?" atauliza.

Mweleze kwamba hakuna aliyekufa, ni mtindo wa Picasso.

"Na huyo Picasso alikuwa na shida gani, bosi?"

Usimjibu, maana majibu ya swali hilo yamejaza vitabu. Mwache asimame. Baada ya dakika chache wenzake wa stendi watakuwa wamekusanyika, mmoja atajitolea kuhuzunika kwa bei nafuu zaidi, mwingine atapiga picha kwa simu, na mfano wako atacheka hadi kofia ya chuma imdondoke. Hapo fanya walivyofanya wachoraji wote: nenda nyumbani, mchore akiwa na huzuni.

Jihadhari tu na mbinu ya nukta. Georges Seurat alianza kuijaza sarakasi nukta kwa nukta, farasi mweupe na msichana aliyesimama mgongoni mwake, akafariki Machi 1891 akiwa na miaka 31, kabla hajaimaliza. Nukta hazimfai mtu mwenye ng'ombe wa kukamua jioni.

Sasa mnyama

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu wanadhani mnyama wa kuchora ni yule waliye naye.

Mnunuzi wa picha hataki ng'ombe wako. Anataka tembo, simba, chui, nyati na kifaru, kwa mpangilio wowote, jua likizama nyuma yao. Maasai Mara iko kusini mwetu, si mbali kwa ndege wa angani, na mnunuzi huyo huyo hupitia Narok kwenda kuwaona. Na desturi ya kumtuma mnyama wa Afrika ng'ambo akaonekane ndipo apate kuchorwa ni ya zamani kuliko reli. Mwaka 1414 mfalme wa China alipokea twiga kutoka Bengal. Mwaka uliofuata akapokea mwingine aliyetolewa zawadi na Malindi. Baraza la kifalme lilimwona ni mnyama wa baraka aliyetajwa katika hadithi zao, wachoraji wakachora, mwandishi wa kasri Shen Du akaandika sifa ndefu kwa hati nzuri. Twiga mwenyewe alikuwa amesafiri bahari nzima akiwa amesimama. Karne nne na nusu baadaye ndovu mchanga alikamatwa upande wa Sudan na Uhabeshi, akapelekwa Paris, kisha London mwaka 1865, kisha mwaka 1882 akauzwa kwa Barnum wa Marekani kwa ajili ya sarakasi. Huyo ndiye Jumbo. Aligongwa na treni huko Ontario mwaka 1885, na hata mifupa yake ikaendelea kutembezwa kwa maonyesho.

Njia ya karibu zaidi ni ya Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, aliyehamia Dar es Salaam kutafuta riziki, na kufikia mwaka 1968 alikuwa anachora wanyama kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya mbao nyembamba za mraba. Chui wake wana macho ya kukudai. Aliwauzia picha zake watu waliokuja kununua mboga na mikate Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa akiwa na miaka arobaini hivi, lakini wanafunzi na jamaa zake wakaendelea, mwaka 1990 wakasajili ushirika, na leo mnyama wake yuko kwenye kila duka la zawadi kutoka Zanzibar hadi uwanja wa ndege. Ukitaka kuuza, nakili hiyo. Usiogope kwamba hujawahi kuonana na chui. Yeye pia hajawahi kuonana na wewe.

Kwa nafsi yangu nakushauri kinyume, ingawa najua utapata hasara. Mtazame yule Friesian aliyefungwa nyuma ya jikoni. Manyoya yake ni meusi na meupe, asili ya nasaba yake ni Uholanzi, sikioni ana namba, na baba yake alifika kutoka Kabete ndani ya mrija mdogo, amegandishwa kwenye naitrojeni, mgongoni mwa pikipiki. Hakuna tembo wa Barnum aliyekuwa na ukoo wa maajabu namna hii. Mara mbili kwa siku anafanya onyesho lake kwa wakati, akikosea saa moja nyumba nzima inajua, na tangi la kituo linaijaza Siongiroi fedha za karo. Huyo ndiye mnyama wa sarakasi tuliye naye. Mnunuzi atamkataa. Atasema si Afrika halisi.

Usimwamini mnunuzi. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi nchini Uganda, aliyewahi kuendesha magari ya watu kabla hajaendesha brashi, alichora ng'ombe maisha yake yote, hasa akiwa Nairobi, hadi alipofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake wanapendana, wanaota, wanasimama karibu karibu wakiwa na rangi ambazo daktari wa mifugo angeziandikia dawa. Wazungu walimwita Chagall wa Afrika, na Chagall, kumbuka, naye alipenda sarakasi na ng'ombe wa kuruka. Sielewi kwa nini haikusemwa kwamba Chagall ni Katarikawe wa Urusi, isipokuwa tarehe za kuzaliwa.

Kama ni lazima mnyama wako awe na vitimbi, kuna mafahali wa Kakamega wanaopiganishwa alfajiri mbele ya umati, na kuna mchezo wa ng'ombe wa Pemba ambako fahali huchezeshwa kwa ngoma na vijana wanaojua kukimbia. Sisi Kipsigis hatupiganishi ng'ombe kwa ajili ya burudani. Tunawaimbia, tunawapa majina, na tunagombana juu yao mahakamani.

Utahitaji ruhusa ya mwenye ng'ombe, bibi mzee unayemwita Kogo. Jiandae.

"Chamgei, Kogo. Naomba kumchora ng'ombe wako."

"Kumchora wa nini? Kwani amepotea?"

Hapana, Kogo, ni sanaa.

"Na akiacha kutoa maziwa?"

Hakuna chuo cha sanaa duniani kitakachokupa jibu la swali hilo. Kunywa mursik, yale maziwa ya mgando, utakayokaribishwa, uisifu, umalize kibuyu, na kabla ya kuondoka utaambiwa umchore kwa mbali, upande wa kushoto, usimwangalie kiwele.

Vifaa

Alexander Calder, fundi mitambo kwa masomo, alijenga sarakasi nzima kati ya mwaka 1926 na 1931 kwa waya, kizibo cha chupa, vitambaa na mbao. Alikuwa akiipakia kwenye masanduku, akipiga magoti sakafuni mbele ya wageni wa Paris, akichezesha kila mwanasarakasi kwa mkono wake na kuunguruma badala ya simba. Leo iko makumbusho ya Whitney, New York. Kila mtoto wa Chepalungu aliyetengeneza gari la waya na kifuniko cha soda ana cheti hicho tayari, ila hajapata masanduku. Jua kali ya Bomet itakupa waya. Gunia la mahindi litakupa turubai. Mchoraji Michael Armitage huchora juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya miti kutoka Uganda, na makumbusho ya ng'ambo hayajamlalamikia, kwa hiyo gunia lisikutie aibu.

Bei, na nani analipwa

Mwaka 1904 watu kumi na watatu wa Paris, wakiongozwa na André Level, waliunda kikundi cha kuchangisha pesa kila mwaka na kununua picha za vijana wasiojulikana. Ulikuwa ni mchango wa chama kama vile vyetu, ila badala ya kununuliana sufuria walinunua Picasso. Walijiita Ngozi ya Dubu, kutokana na ngano ya La Fontaine ya wale wanaouza ngozi ya dubu ambaye bado anatembea. Mwaka 1908 walimpa Picasso faranga 1,000 kwa ile familia yake ya wanasarakasi wenye huzuni. Machi 1914 wakaipiga mnada ikafika faranga 11,500. Walikuwa waungwana: asilimia 20 ya faida waliwarudishia wachoraji. Wanasarakasi waliokuwa kwenye picha hawakuwa kwenye hesabu hiyo, na dubu pia hakuwa.

Huo ndio mfumo wa biashara unaojifunza, na umefanya kazi kwa zaidi ya karne. Tatizo ni kwamba siku hizi wanasarakasi wameanza kuusoma. Ibrahim na Fadhili Ramadhani wa Tanzania, ambao mmoja husimama kichwa juu ya kichwa cha mwenzake huku yule wa chini akipanda ngazi, walikwenda wenyewe Marekani, wakapanda jukwaa la America's Got Talent, na Februari 2024 wakashinda lile shindano la Fantasy League. Hawakuhitaji mtu aliyelala mtaroni. Mtazamaji aliwapigia kura akiyajua majina yao.

Habari hizi zimefika hadi stendi ya Siongiroi. Ukirudi na turubai yako, yule kijana atazima pikipiki, atapangusa mikono, na kukuhesabia vidole. Kusimama, mia mbili. Kuhuzunika, mia tatu. Jina lake kuandikwa chini ya picha, hiyo ni bure, lakini liandikwe lote. Na ng'ombe ana bei yake, bosi, huyo kamuulize Kogo.